Mikarafuu ya Shangazi

Hija wa nyumba ya pili aliingia uani bila ya hodi, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akashusha pumzi, kisha akasema kuwa Maalim Zubeir ameshushwa mtini.

Shamima alikuwa jamvini na mama yake, Bi Mwanakhamis. Walikuwa wakichambua karafuu za jirani, karafuu upande mmoja na makonyo, vile vijiti vyake, upande wa pili, kwa ujira, kwa sababu msimu huu wao wenyewe hawakuwa na shamba la kuchuma. Mikono ya Shamima ikasimama.

"Ameshushwa na nani?" Bi Mwanakhamis aliuliza. Uso wake haukuinuka.

"Na mwenye miti. Wifi yako. Bi Time kaja asubuhi na gari nzima ya wachumaji kutoka Mtambile, na majamvi yake, na masufuria yake. Kamkuta Maalim yuko juu, kamba kiunoni. Akamwuliza, kijana, umepanda mti wa nani? Maalim akajibu, wangu. Bi Time akamwambia, basi teremka tujuane."

Hija alisimulia yaliyobaki huku anacheka, maana kwake yeye lilikuwa jambo la kuchekwa. Maalim aliteremka na majani kichwani, na wachumaji wake sita wakabaki juu wakichungulia baina ya matawi. Akatoa mfukoni hati ya mauzo aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaisoma mbele ya watu kwa sauti ile ile anayowasomea watoto darasani, kuanzia bismillahi mpaka saini ya shahidi wa mwisho. Bi Time alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia arudie pale palipoandikwa miti. Maalim akatafuta. Akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha mbele. Palikuwa na ardhi, palikuwa na mipaka, palikuwa na mnazi wa kaskazini na njia ya ng'ombe ya kusini. Mikarafuu haikuwemo hata kwa dawa. Mmoja wa wale waliokuja na Bi Time akamwuliza kama huko kwao Wete mtu akinunua kofia huwa anauziwa pamoja na kichwa.

"Watu wakacheka, jamani. Na yeye kasimama tu." Hija alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini kwani nyie hamkumwambia?"

Hija akamtazama mama, akamtazama binti, na kile kicheko kikamwishia mdomoni. Akakumbuka kuwa ameacha chungu motoni, akaaga.

Bi Mwanakhamis aliendelea kuchambua. Vidole vyake havikukosea hata karafuu moja.

Mtu wa mjini ingempasa aelezwe jambo hili, lakini Mgogoni mtoto analijua kabla hajajua kusoma: ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu chengine. Shamba linaweza kuwa la Fulani na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwengine, na wote wawili wakaishi na kusalimiana. Babu yake Shamima, Mzee Shaame, alipomwoza binti yake Time kwa mtu wa Mtambile, alimpa mikarafuu kumi na minne, ile mizuri ya upande wa bondeni. Ardhi ikabaki kwa mwanawe wa kiume, baba yake Shamima, pamoja na mikarafuu miwili mikongwe ambayo kazi yake ilikuwa kufanya kivuli. Halikuandikwa popote, kwa kuwa hapakuwa na asiyejua.

Misimu mitatu ikapita mikarafuu haina kitu. Bi Time akakaa kwake Mtambile, asifunge safari ya kuja kuchuma majani. Baba yake Shamima akafariki. Paa la nyumba likaanza kuvuja, na Msellem, kaka yake Shamima, akataka mtaji wa duka. Mwaka jana warithi watatu, mama, Msellem na Shamima, wakaliuza shamba.

Mnunuzi alikuwa Zubeir, mwalimu wa skuli, mtoto wa fundi cherehani wa Wete, mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata mgomba. Mnunuzi wa Mgogoni angeuliza jambo moja kabla hajapewa maji ya kunywa: miti ya nani? Zubeir hakujua kuwa kuna swali kama hilo duniani. Aliona shamba lina mikarafuu, akataja bei ya shamba lenye mikarafuu, na Bi Mwanakhamis akasema bei ni nzuri. Hati iliandikwa sawasawa. Uongo ulikuwa kwenye bei.

Na Shamima alijua. Usiku na mchana, kwa mwaka mzima, hilo ndilo alilokuwa akitembea nalo. Msellem alikuwa Unguja wakati ule, kwa hiyo kazi ya kumtembeza mgeni mipakani aliachiwa yeye, mwanamke wa miaka ishirini na minane aliyeachwa akiwa na ishirini na minne, ambaye watu walikuwa wamekwishaacha kumwuliza habari za kuolewa. Zubeir alikuja na utepe wa kupimia. Alimwomba amshikie ncha. Kila akirudi nyuma kusoma namba alikuwa akimtazama yeye badala ya utepe, akasahau, akapima upya. Walipima upande mmoja mara tatu.

Walipofika bondeni, Zubeir aliweka kiganja juu ya mkarafuu mkubwa kuliko yote, akamwuliza una umri gani. Shamima alifungua mdomo kusema, ule si wetu, ule wa shangazi. Zubeir akawahi. Akasema kuwa hapo chini yake atajenga baraza, awe anakunywa chai ya jioni, yeye na... Akanyamaza kwenye hilo "na", akaona haya, akaanza kuukunja utepe. Posa ilikuwa bado. Shamima akasema, "Unapata miaka arubaini."

Siku ile alijiambia kuwa mama atamwambia. Baadaye alijiambia kuwa Msellem atamwambia akirudi. Posa ilipoletwa, akajiambia atasema baada ya posa. Kisha fungu lake la mauzo akalinunulia kitanda na kabati la milango mitatu, vyombo vya harusi yake na mtu yule yule, na tangu hapo hakujiambia kitu.

*

Zubeir alifika baada ya sala ya adhuhuri. Alipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Alikuwa amenawa uso lakini shati lilikuwa lile lile, lina utomvu, na mkono wa kulia ulikuwa na mchubuko mrefu wa gamba la mti. Hakukaa jamvini. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, pale wanapokaa watu waliokuja kudai.

Bi Mwanakhamis alimkaribisha kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. Alimwuliza hali ya ami yake, hali ya skuli, akamtaka Shamima alete chai. Shamima alileta. Kikombe kikawekwa, kikabaki pale pale kilipowekwa.

"Mama," Zubeir alisema, "nimekuja kuuliza jambo moja tu, kisha n'ende zangu. Mlijua?"

"Baba, huku kwetu jambo hili kila mtu analijua. Tukadhani na weye unalijua."

"Mie si kila mtu wa huku."

"Basi ungeuliza. Mtu akinunua kitu huuliza."

"Sikujua la kuuliza. Lakini nilipotaja bei, wewe ulijua kuwa bei ile si ya udongo mtupu."

Bi Mwanakhamis alisogeza karafuu kwa kiganja, akazirudisha. Alisema kuwa paa lilikuwa linavuja, kuwa alikuwa mjane wa miezi minne, kuwa wifi yake hakukanyaga Mgogoni kwa misimu mitatu na mtu angeweza kudhani ameisamehe ile miti. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jawabu. Zubeir alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamgeukia Shamima, naye Shamima akaona kuwa alichokijia hasa ni hiki, na kwamba mama alikuwa njia tu ya kupitia.

"Nilikuuliza mkarafuu ule una umri gani," akasema. "Ukanambia miaka arubaini. Ulipokuwa ukinambia hivyo, ulijua ni wa nani?"

"Mtoto wa kike atajuaje mambo ya miti?" Bi Mwanakhamis alidakia. "Miti mambo ya wanaume. Huyu ameonyesha mipaka kama alivyotumwa, masikini ya Mungu. Muulize Msellem."

Mama alikuwa amemfungulia mlango wa kujitoa, na alichotakiwa Shamima ni kupita tu. Angeinamisha kichwa, angetoa chozi moja, na Zubeir angeondoka na hasira zake kumfuata Msellem huko Wete dukani. Mwezi mmoja, miwili, yangepoa. Alimtazama mama yake, akaona jicho la mama linamwambia pita. Alimtazama Zubeir, akaona kuwa na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa akimwombea apite. Mchubuko ule mkononi ulikuwa umeanza kutoa damu tena na hakuuona.

"Nilijua," Shamima akasema.

Mama yake alisonya.

"Tangu lini?"

"Tangu nna miaka saba. Shangazi akija kuchuma, mie ndie niliyekuwa nikimwokotea zilizoanguka. Mmoja mmoja naijua."

Zubeir alitikisa kichwa polepole. "Kwa nini?"

Shamima aliyakusanya makonyo yaliyokuwa mbele yake, akayafanya lundo. Maneno yenyewe alikuwa hajawahi kujiambia hata yeye, na sasa alitakiwa ayaseme mbele ya mama yake, mchana kweupe.

"Nilijua nikikwambia hutonunua. Na usiponunua, huna tena sababu ya kuja Mgogoni."

Bi Mwanakhamis aliacha kuchambua.

"Ningekuja," Zubeir alisema.

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Akasimama, akajipangusa suruali. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kawaida, na hilo lilimwumiza Shamima kuliko angepigiwa kelele. "Unajua fedha zile zilikuwa za nani? Nusu zilikuwa za ami yangu Rajab. Kiinua mgongo chake, cha miaka thelathini bandarini. Aliponipa alinambia, Zubeir, watu wa shamba wana mambo yao, kaulize vizuri. Nikamwambia, ami, wale si wauzaji, wale watakuwa wakwe zangu. Mie ndie niliyemwambia. Nimekaa kitako mbele ya mzee mzima nikakutoleeni dhamana nyote, na wewe wa kwanza." Alimtazama mara moja kisha akaondoa macho, kama aliyegusa sufuria ya moto. "Leo wamenicheka watu, Shamima. Kuchekwa kutapita. Lakini asubuhi yote nilikuwa nikijiambia, potelea mbali, nitakwenda kumwambia Shamima. Nimeteremka mtini, watu wanacheka, na mie namfikiria mtu wa kumwambia."

Akaagana na Bi Mwanakhamis kwa heshima zote. Chai ilibaki kikombeni na utando juu.

Bi Mwanakhamis alisubiri mpaka pikipiki ikasikika imeshuka barabarani. "Haya. Umefurahi sasa?" akasema. "Mwanamume alikuwa anataka uongo mmoja tu, mdogo, aondoke nao. Ukashindwa kumpa."

"Nshampa mmoja, mama. Mwaka mzima amekaa nao."

"Nami je? Wifi yangu yuko pale bondeni, saa hizi ananitangaza. Mie n'nachambua karafuu za watu ili nile, mwizi gani huyo anayechambua karafuu za watu?" Sauti ya mama ilipasuka hapo, na Shamima akafahamu kuwa mama naye alikuwa na lake alilotembea nalo. Alivaa buibui akatoka.

*

Njia ya kuteremkia bondeni ilinuka karafuu mbichi, ile harufu inayopanda puani na kukaa. Kila nyumba ilikuwa na majamvi yameanikwa mbele. Watu walimwamkia na yeye akaitikia, na kila alipowapa mgongo alisikia mazungumzo yamekatika kisha yameanza upya.

Alikuwa na mpango, na njiani ulionekana mpango mzuri. Angemwangukia shangazi yake, angemwomba radhi, angemwomba msimu huu Zubeir achume yeye, hata nusu, ili ami yake arudishiwe kitu. Damu ni damu. Shangazi hangeweza kumnyima.

Bi Time alikuwa amekaa kwenye kigoda pembezoni mwa jamvi, miguu ameinyoosha, kilemba cha kanga kichwani, anapokea makapu ya wachumaji na kuyapima kwa pishi mbele ya macho yao. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Shamima aliinama akambusu mkono.

"Umekuja kunisalimia au kunichumia?" Bi Time aliuliza.

Shamima alisema aliyoyapanga. Aliyasema kwa sauti ndogo, amechuchumaa kando ya kigoda. Bi Time alipima makapu mawili huku anamsikiliza.

"Miti yangu siuzi, sikodishi, wala sigawi," akasema alipomaliza. "Baba kanipa mie niolewe nayo, na mume wangu kafa na miti ingalipo, kwa hiyo unaona kipi kilichodumu. Na radhi unayoniomba mie ni ya nini? Mie sikuibiwa. Mti wangu huo, karafuu zangu hizi. Kanga yangu nimeikuta pale pale nilipoianika." Akaelekeza kidevu upande wa pili wa jamvi. "Aliyeibiwa yule pale."

Shamima aligeuka. Hakuwa amemwona. Zubeir alikuwa amerudi, na sasa alikuwa akiburuta polo mbili, magunia yaliyojaa karafuu mbichi, kutoka chini ya miti mpaka kwenye jamvi la Bi Time. Zilikuwa zile zilizochumwa asubuhi na wachumaji wake, kabla hajashushwa. Akazimwaga jamvini. Kisha akawaita watu wake sita, akawalipa mmoja mmoja ujira wa kazi ile, kazi ambayo yeye hakubaki na karafuu hata moja ya kutilia wali.

Wachumaji wa Mtambile walikuwa wakipumzika kivulini, wanakula mihogo. Mmoja wao, Usama, kijana mwenye ulimi, alisema kuwa Bi Time angechelewa siku mbili angekuta makonyo. Akasema siku hizi wezi wamesoma, wanakuja na hati. Mwengine akaongeza kuwa anaona ajabu, mtu kama huyo wanampa watoto awafundishe. Zubeir alisikia. Shamima aliona shingo yake ilivyokakamaa. Aliendelea kuhesabu fedha za mchumaji wa mwisho, akampa, akamwambia ahsante.

Watu wa Mgogoni waliokuwepo walijua ukweli, au walijua nusu yake, na walikaa kimya. Mwalimu wa mjini kudhaniwa mwizi halikuwa jambo lao. Mwenye jambo hilo alikuwa mmoja tu pale, na alikuwa amechuchumaa.

Shamima akasimama.

"Maalim hakuiba," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Maalim hakuiba miti ya shangazi. Tulimuuzia sie."

Usama aliacha kutafuna.

"Yeye hakujua kama ardhi mbali na miti mbali. Mie nilijua. Mie ndie niliyemtembeza hapa, mpaka chini ya mti huu aliokuwa juu yake leo, na sikumwambia. Bei ya miti katoa na sie tumeichukua. Mama kachukua thumuni yake, kaka yangu kachukua fungu lake, na mie nimechukua langu nikanunulia kitanda."

Kwenye neno kitanda mtu mmoja alicheka. "Kitanda hicho kitanukia karafuu," akasema, na wenziwe wawili watatu wakacheka naye, kisha wakaona hakuna anayeendelea, wakaacha. Shamima alibaki amesimama katikati ya majamvi. Alidhani akishasema atahisi mwepesi, maana ndivyo watu wanavyosimulia. Hakuhisi mwepesi. Alihisi kama aliyevuliwa buibui sokoni. Wanawake waliokuwa wakichambua walimtazama miguu, mtandio, uso, wakampima upya wote. Mke wa sheha alikuwemo. Mwalimu wake wa chuoni, aliyemfundisha Kurani, alikuwemo.

Bi Time peke yake hakumtazama. Alikuwa anasawazisha karafuu kwenye pishi kwa kidole. "Usama," akasema, "umemsikia. Mwombe Maalim radhi, kisha upande mtini, jua halimsubiri mtu."

Usama aliomba radhi kwa kunong'ona. Zubeir akaitikia kwa kichwa. Akafunga polo zake tupu nyuma ya pikipiki, akaisukuma njiani bila ya kuiwasha.

*

Shamima alikuwa amefika karibu na skuli aliposikia magurudumu nyuma yake. Hakugeuka. Zubeir alimfikia, akawa anakwenda sambamba naye, pikipiki baina yao, bado haijawashwa. Walipita nyumba ya kwanza, ya pili. Watu barazani walisahau hata kujifanya hawatazami.

"Kitanda na kabati nitauza," Shamima alisema hatimaye. "Nitakuletea. Na kwa Msellem nitakwenda mwenyewe."

"Bei ya miti itarudi. Tutakaa na sheha na kaka yako, itarudi kidogo kidogo. Hilo nimeshaliona." Alizungumza huku anatazama mbele. "Ardhi nitabaki nayo. Nitapanda muhogo."

"Na posa?"

Zubeir aliendelea kusukuma mpaka kwenye njia panda, pale barabara ya Wete inapoanza. Akaisimamisha pikipiki.

"Ami yangu bado hajui," akasema. "Leo jioni ningemwambia mie. Nimefikiria tangu kule bondeni nitamwambiaje, nami nikimwambia nitakutetea. Najijua. Nitapunguza hapa, nitaongeza pale, mpaka mzee aone kosa la mama yako, au la Msellem, au langu. Sitaki. Nishakutolea dhamana mara moja."

Shamima alielewa kabla hajamaliza. Mzee Rajab. Mzee aliyekuja na posa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, aliyemwita mwanangu, aliyesema kuwa nyumba yenye heshima anaijua kwa harufu ya ua wake.

"Unataka nikamwambie mie."

"Kama ulivyowaambia wale. Maneno yale yale. Na kitanda ukitaje."

"Utakuwepo?"

"Nikiwepo utanitazama mie. Umtazame yeye."

"Akinifukuza?"

"Atakufukuza. Ami ana hasira, atakufukuza na mlango ataufunga." Zubeir alivuta pumzi. "Sijui baada ya hapo, Shamima. Wallahi sijui. Mie najua kuwa siwezi kukuoa huku nimewaficha jamaa zangu ulilolifanya. Kama unaweza kukaa mlangoni pake mpaka akakusikiliza, basi nina mke. Kama huwezi, bora nijue sasa."

Alikuwa tayari ameshika usukani. Shamima aliangalia mikono yake, ule mchubuko umekauka sasa, umekuwa mstari mweusi. Alitamani kuushika. Hakuwa na haki ya kuushika, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakujaribu kuipata haki hiyo kwa kukaa kimya.

"Anaamka saa ngapi?" akauliza.

Zubeir akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu atoke barazani kwao.

"Alfajiri," akasema. "Akitoka msikitini hukaa nje peke yake, mpaka chai iwe tayari."